Shajara ya mradi: eabrashi kuukuu na makava ya tairi za Land Cruiser

Jumamosi

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna jamaa pale Sakina, hapa Arusha, ana Land Cruiser za kupeleka wageni Tarangire na Ngorongoro, anataka makava ya tairi la spea yachorwe wanyama kwa mkono, stika hataki tena maana za mwanzo zote zimebabuka, jua la porini na lile vumbi si mchezo. Makava ni ya plastiki gumu, meusi. La kwanza anaingia tembo, akimpenda ndo tunaendelea na mengine. Wageni wanaanza kujaa mwezi wa sita kwa hiyo muda upo ila si wa kuchezea.

Eabrashi, yaani kile kikalamu cha kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, nimenunua kwa mzee mmoja wa Ngarenaro, alikuwa anachora mabango na vifodi (daladala ndogo) enzi hizo, sasa macho yamechoka ameamua kuuza vitu vyake. Ni dabo-aksheni, ukibonyeza triga chini inatoka hewa, ukiivuta nyuma ndo inatoka rangi, kikombe kiko juu, nozeli ni ya milimita 0.3. Haina jina, ni ya Kichina iliyoiga umbo la Iwata za Japani, na mimi sina shida na hizo, ikiwa safi inachora, ikiwa chafu hata ya bei ya pikipiki haichori.

Hali yake: triga ukiibonyeza inashuka afu inabaki huko huko, hewa inaendelea kupuliza. Sindano haivutiki kabisa. Kikombe kina ukoko wa bluu uliokauka mpaka umepasuka.

"Shikamoo mzee, hii mara ya mwisho imefanya kazi lini?"

"Marahaba. Mh, siku nyingi. We ipige oili tu mwanangu, itaamka."

Na si yeye peke yake. Kila niliyemuonyesha kasema hivyo hivyo, fundi pikipiki wa jirani yangu kaja kabisa na kopo la WD-40 mkononi, "lete hapa chalii nikusaidie". Nimemwambia asante kaka, hii hapana. Nitaeleza kwa nini huko mbele, ila kwa kifupi naamini eabrashi iliyokwama karibu siku zote ni chafu, haijaishiwa mafuta. Ukimwaga oili juu ya rangi iliyoganda unapata tope, triga inacheza siku moja, kesho yake imekwama zaidi ya mwanzo na sasa kufungua ndo kazi.

Jumapili

Nimeanza na sindano maana bila hiyo kutoka hakuna kinachofunguka. Rangi ya zamani ni ya gari, kwa hiyo maji hayasaidii, ni thina. Lakini sikuitumbukiza yote kwenye kopo la thina japo najua mafundi wengi wanafanya hivyo, ndani kuna vioringi, vipete vya kuzuia kuvuja, vya raba na raba ikilala kwenye thina inavimba, ikishavimba hairudi saizi yake. Nimedondoshea kwenye kikombe na kwenye pua tu, nikaiacha imesimama pua chini, nikaenda kula. Mlango wazi, barakoa usoni, thina ndani ya chumba kilichofungwa inaumiza kichwa haraka sana.

Nilivyorudi nimefungua mpini wa nyuma, nikalegeza nati inayobana sindano, nikashika sindano kwa koleo lililozungushiwa kitambaa. Hapa watu wanakosea wanavuta. Unazungusha kwanza! Taratibu, kulia kushoto, mpaka usikie imeachia, ndo unavuta. Ukivuta ikiwa bado imeshikwa na rangi unapinda ncha, na ncha ya sindano ndo eabrashi yenyewe, vingine vyote ni vya kuibeba.

Imetoka. Nusu ya mbele bluu, nusu ya nyuma imepakwa kitu cha kahawia kinachonata, nimenusa, oili ya injini. Kwa hiyo mzee alikuwa anaipiga oili kweli kweli, na kwa miaka. Ndani kabisa, nyuma ya kikombe, kuna kipete kidogo ambacho sindano inapita katikati yake, kazi yake ni kuzuia rangi isirudi nyuma kwenye triga. Naiita pakingi. Ya hii ni nyeupe, teflon, bahati nzuri sana kwa sababu teflon thina haiifanyi kitu, ingekuwa ya raba nyeusi ningekuwa natafuta nyingine sa hizi. Lakini oili na rangi vimechanganyika pale vikawa gundi, ndo maana sindano ilikuwa haiendi mbele wala nyuma.

Kitu cha kuweka akilini kabla ya kumwaga chochote popote: triga ikigoma kurudi JUU tatizo liko kwenye valvu ya hewa chini yake. Ikigoma kurudi MBELE tatizo liko kwenye sindano, pakingi, au springi ya nyuma. Ni magonjwa mawili tofauti. Hii yangu ina yote mawili.

Jumatatu jioni

Mvua imenyesha kutwa, umeme unaenda unarudi, nimefanya usafi kwa taa ya simu.

Valvu ya hewa inafunguka kwa chini, pale mpira wa kompresa unapofungwa. Ndani kuna skrubu, kijispringi, na pistoni nyembamba yenye kioringi. Triga inaisukuma pistoni chini, hewa inapita, ukiachia springi inaisukuma juu inafunga. Hakuna cha zaidi. Rangi haikutakiwa kufika huku hata tone lakini imefika, imepita kwenye pakingi iliyochoka ikateremka na mguu wa triga mpaka kwenye pistoni. Ndo maana ilikuwa inabaki chini.

Vya chuma nimevisafisha kwa thina kisha spiriti, kwa pamba za masikio na vile vibrashi vyembamba vya kusafishia katikati ya meno, hivyo nawaambia mtu yeyote mwenye eabrashi anunue, vinaingia kila shimo. Oringi nimezifuta kwa kitambaa chenye sabuni ya maji tu. Ile dawa ya kuoshea vioo watu wanaipenda kwa sababu inatoa rangi ya akriliki vizuri, sikatai, ila nyingi zina amonia na bodi hizi chini ya ile kromu ni shaba ya manjano (brass) tu, amonia inaila pole pole. Kama unatumia, suuza kwa maji mara moja, usiloweke ukaenda kulala.

Nozeli. Kadude kadogo kuliko punje ya mchele, kanafunguliwa kwa kaspana kake. Nimekaloweka kwenye kifuniko cha chupa, kisha kijiti cha meno nilichokichonga, nakizungusha kwa kutokea nyuma. Waya HAPANA, sindano ya kushonea hapana, lile tundu likitanuka au likipasuka upande rangi inatoka imepinda na hakuna dawa zaidi ya kununua nyingine. Nimeangalia kwa kamera ya simu nikikuza, tundu ni duara, halijapasuka. Nimefurahi kupita kiasi.

Ncha ya sindano ina kajipindo. Huoni kwa macho, unaisikia ukiipitisha taratibu kwenye ukucha, inakwaruza upande mmoja. Nimeilaza juu ya kioo, msasa namba 2000 wenye maji, nikaivuta huku naizungusha, kidogo tu, kisha nikaing'arisha kwa kitambaa. Haijawa mpya lakini haikwaruzi.

Jumatano, dawa ya kulainishia

Sasa ndo tufike kwenye mafuta.

Wenye viwanda wana vya kwao, Iwata wana Super Lube, Badger wana Regdab, ukivipata nunua, tone moja moja kachupa kanakaa muda mrefu sana. Hapa Arusha mimi sijavikuta dukani. Kuna kitu kimoja kipo kila famasi na kinafanya kazi hiyo: gliserini.

"Dada habari, naomba gliserini chupa ndogo."

"Nzuri. Ya kupaka au unachanganya na kitu?"

"Ya mashine."

"Ya mashine?? Haya kaka."

Kwa nini gliserini na si WD-40 wala oili ya cherehani. Kwanza, oili za petroli zikifika kwenye rangi, na zitafika tu, rangi inajivuta inaacha vishimo vya duara juu ya kazi yako, na ukishaona vishimo hivyo huwezi kuvifunika kwa kupuliza zaidi, unakwangua unaanza upya. Silikoni ya kupuliza ndo mbaya kabisa, hata ikipulizwa upande wa pili wa gereji inakuja. Pili raba, zipo oringi zinazovumilia oili na zipo zisizovumilia, na kwenye hizi za bei ya chini hujui umepewa raba gani. Gliserini inayeyuka kwenye maji, mimi natumia akriliki ya maji, kwa hiyo hata ikiponyoka kidogo ikaingia kwenye kikombe inachanganyika na rangi haileti ugomvi. Na raba haiisumbui.

Ubaya wake upo. Inaoshwa na maji, maana yake kila ukifanya usafi mkubwa unapaka tena. Inavuta unyevu hewani. Na baridi inaifanya nzito, asubuhi za mwezi wa saba hapa Arusha unaweza kuona triga imekuwa mvivu mpaka ishike joto la mkono. Na kama wewe unapuliza rangi za 2K (zile za kuchanganya na hadna) au laka za thina kwa eabrashi yako, gliserini na thina havipatani, ikizidi utaviona vile vile vishimo. Huyo atafute ile ya kiwandani. Mimi klia ya mwisho, ile vanishi angavu ya juu, napuliza kwa spregani kubwa, eabrashi haigusi thina tena baada ya usafi huu.

Alhamisi, kuunganisha

Nimeandika hii sehemu taratibu kwa sababu ndo yenyewe. Vitu vyote vimekauka kabisa, hakuna tone la spiriti.

Pistoni ya hewa: gliserini kiasi cha kichwa cha pini, naisambaza kwa kidole juu ya kioringi chake na mwili wa pistoni, naingiza, nasukuma juu chini mara kadhaa, nafuta iliyozidi. Hapa ndo panahitaji kuliko kwingine kote, raba inasugua chuma kila ukibonyeza, na oringi kavu inachanika afu hewa inavuja kimya kimya.

Triga: chini kuna kijimpira cha chuma kinachokaa juu ya pistoni, hapo tone. Na pale inapogusana na kile kipande cha nyuma kinachosukuma sindano, tone lingine dogo.

Springi ya nyuma na kibomba kinachopita ndani yake: kupaka kwa juu juu tu, kidole kikiwa na unyevu kinatosha.

Sindano: hapa watu wanazidisha. Natia tone kwenye kitambaa laini kisicho na nyuzi, navuta sindano ndani ya kitambaa kutoka katikati kwenda mkiani, halafu napitisha sehemu kavu ya kitambaa. Ukiitazama unaona kama haina kitu, na ndo inavyotakiwa. Yale mafuta kiduchu kazi yake ni sindano iteleze kwenye pakingi na rangi isipate pa kushika. Ncha naiacha kavu.

Nozeli: hakuna kitu. Ndani ya kofia za mbele: hakuna kitu. Njia ya rangi kuanzia kikombe kwenda mbele haitakiwi mafuta ya aina yoyote, sijali nani kasema.

Pakingi ina skrubu yake ndani, unaibana kwa bisibisi nyembamba huku sindano iko ndani. Unabana kidogo unasukuma sindano, unabana kidogo unasukuma, ukisikia kaukinzani kadogo unaacha. Ukizidisha, sindano haitarudi yenyewe mbele ukiachia triga na rangi itaendelea kutoka baada ya kumaliza mstari. Ukilegeza sana, rangi inarudi nyuma na tunaanza tena hadithi ya mzee wa Ngarenaro.

Nozeli nimeifunga kwa vidole, kisha spana robo ya robo. Shingo yake ni nyembamba sana, ukiibana kwa nguvu za kufungia gurudumu inakatika na nusu inabaki ndani. Sindano inaingia mwisho, polepole mpaka iguse, siyo kuisukuma kwa nguvu maana inatanua nozeli.

Triga sasa inashuka na kurudi. Klik, klik. Nimekaa naibonyeza tu.

Jumamosi

Majaribio kwa maji safi, presha ya hewa psi 20.

Jaribio la kwanza, maji kwenye kikombe, nabonyeza hewa tu bila kuvuta. Mapovu! Mapovu kwenye kikombe yana maana moja, hewa inapita mahali isipotakiwa, inarudi kwenye njia ya rangi, na mahali penyewe mara nyingi ni pale nozeli inapokaa. Ama imelegea, ama imepasuka, ama haina sili. Hii haijapasuka nimeshaiangalia, kwa hiyo ni nyuzi zake haziketi vizuri, za bei hii ndo zilivyo.

Dawa ni nta ya nyuki. Kwa mama anayeuza asali ya Tabora pale soko la Kilombero kuna nta pia, nimenunua kipande kwa hela ya soda. Unapasha kidogo, unapaka nyuzi za nozeli kwa ncha ya kijiti, unafunga. Zingatia ikae kwenye nyuzi tu isizibe tundu. Kwa wa thina haifai, thina inaiyeyusha.

Maji tena. Mapovu hakuna. Nimepaka povu la sabuni chini kwenye valvu kuangalia kama hewa inavuja wakati triga iko juu, kuna kapovu kamoja kanakuja polepole sana. Kile kioringi cha pistoni kimechoka, gliserini imekisaidia lakini haijakifufua. Kitaniwezesha kumaliza tembo, oringi mpya nitaagiza.

Jumatatu

Kompresa, fupi tu. Naazima ya rafiki yangu wa kuziba pancha, ina tenki. Shida zake ni mbili. Ni ya oili kwa hiyo hewa inakuja na ukungu wa oili, na ni masika kwa hiyo hewa imejaa maji, ikibanwa kisha ikapoa kwenye tenki maji yanabaki ndani na yanakuja na mpira mpaka kwenye kazi. Unaweza kuosha eabrashi mwezi mzima halafu uharibu kila kitu kwa hewa chafu. Nimefunga filta yenye kikombe cha maji kabla ya regyuleta (ya kurekebisha presha) na kila asubuhi namwaga maji ya tenki kwa chini, leo yametoka ya kutosha kuosha kikombe cha chai, rangi ya kutu.

Halafu wa Dar mkiona geji yangu inapanda taratibu msishangae, Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kompresa ile ile inachukua muda zaidi kujaza tenki.

Jumatano

Tembo ameanza. Kava nimelipiga msasa wa 800 wenye maji, praima ya plastiki, likakauka. Rangi nazimua mpaka ziwe kama maziwa, psi 25 kwa kujaza mwili, psi 15 kwa mikunjo ya ngozi na kope. Kwa 0.3 kope za tembo zinatoka vizuri tu, mnaosema mpaka 0.2 mna haraka ya kutumia hela.

Akriliki inakauka kwenye ncha ya sindano, hiyo ni kawaida, unafuta kwa brashi yenye maji kila inapoanza kutema. Matone machache ya gliserini kwenye chupa ya rangi yanachelewesha kukauka, ndo faida nyingine ya kachupa ka famasi, ila ukizidisha rangi inabaki inanata na vumbi lote la Sakina linalala juu ya tembo.

Utaratibu wangu wa kila siku baada ya kazi: namwaga rangi, napuliza maji mpaka yatoke meupe, naziba pua kwa kitambaa na kubonyeza hewa kidogo ili irudi kikombeni itoe uchafu, maji tena, spiriti kidogo, mwisho natoa sindano naifuta na kuirudisha na kale kaunyevu ka gliserini. Kikombe lazima kiwe safi KABLA ya kutoa sindano kwa nyuma, la sivyo unaivuta rangi yote iliyo kwenye sindano inapita ndani ya pakingi. Pistoni siigusi, hiyo nafungua nikisikia triga imeanza kuwa nzito tu. Kuna watu wanafungua kila kitu kila siku, wanachakaza nyuzi na oringi bure.

Ijumaa

Mzee wa Ngarenaro kapita kuangalia. Nimempa aishike.

"Mbona nyepesi hivi? Umeweka oili gani?"

"Gliserini mzee. Tone tu."

"Ile ya kupaka mikono?"

"Hiyo hiyo."

Kachora jina lake kwenye karatasi kwa zile herufi za vifodi, mkono haujatetemeka hata kidogo, macho tu ndo hayaoni mbali. Akaniambia yeye oili ya injini ilikuwa inampa siku mbili tatu za raha, ikigoma anaongeza. Amesema pia walikuwa wanachemsha nozeli kwenye sufuria, hilo sijalijaribu na kwa hii yenye nta sitajaribu.

Jumanne

Tembo amepata klia, amekauka, amefungwa kwenye gari. Mteja kamwagia maji kwa ndoo mbele yangu kuona kama inatoka. Haijatoka.

Yaliyobaki: oringi za pistoni, naagiza tano maana nauli ya mzigo ni ile ile. Sindano ya spea na nozeli yake, vinanunuliwa pamoja, sindano mpya kwenye nozeli iliyozoea ya zamani haziketi. Mteja anataka twiga kabla wageni wa mwezi wa sita hawajatua uwanja wa ndege wa KIA na anataka bei ishuke kwa kuwa ni la pili. Nimemwambia boss, bei inabaki pale pale, twiga ana madoa.